Mali, Kifungo na Uhuru: Swali la Thamani katika Lugha ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Swali nitakalolijadili si geni masikioni mwenu. Huulizwa barazani, ndani ya daladala na katika mabweni ya wanafunzi: lau ungeambiwa kwamba utapewa mali isiyohesabika, kwa sharti la kukaa gerezani miaka kumi, je, ungekubali? Wengi hulijibu kwa kicheko. Lakini swali hilo lina ndugu yake ambaye hachekeshi. Yeye husema: nikichota mabilioni ya umma, nikafungwa miaka mitano, je, nikitoka si nitaishi kwa raha mimi, wanangu na wajukuu wangu? Anayeuliza hivi haoti ndoto. Huenda ana ofisi, ana mhuri na ana saini inayoidhinisha malipo. Wengi wenu mliokaa mbele yangu mtakuwa na saini za namna hiyo katika miaka michache ijayo. Kwa sababu hiyo nimeona swali hili linastahili kujadiliwa kwa makini.

Mimi si mwanasheria wala mhubiri. Kazi yangu ni lugha, na nitalichunguza swali kwa zana za kazi yangu. Hoja yangu kuu ni kwamba swali hili limejengwa kama swali la biashara, ilhali Kiswahili, katika msamiati wake, sarufi yake na fasihi yake, kinatuonyesha kuwa biashara hiyo ina kasoro ya msingi: mwuzaji hubadilika hali akishauza, na yule aliyekusudia kuifaidi bei si yule anayeipokea.

Ninatanguliza tahadhari moja. Sisemi kwamba lugha huamua fikra za watu. Mwizi anayesema Kiswahili fasaha bado ni mwizi. Ninachosema ni kwamba lugha huhifadhi tajiriba za vizazi vingi, na kwamba mtu anayetaka kuingia katika mapatano makubwa hana budi kuyasoma maneno ya mapatano hayo vizuri.

2.0 Majina ya Jengo na Kitenzi cha Kufunga

Tuanze na majina ya jengo lenyewe. Takribani yote ni ya kukopa. Jela limetoka katika Kiingereza. Mahabusu ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtu aliyezuiliwa, na katika matumizi yetu limekuwa jina la mtu na pia la mahali. Gereza, kwa mujibu wa wataalamu wengi, linatokana na neno la Kireno linalomaanisha kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na makanisa ndani yake, na inaelekea jina hilo lilihama kutoka kanisa hadi ngome, kisha kutoka ngome hadi mahali pa kufungia watu. Kilwa Kisiwani ipo ngome ya kale inayoitwa Gereza hadi leo. Huko Mombasa, Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilitumiwa na serikali ya kikoloni kama gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Historia ya jengo na historia ya neno zilikwenda sambamba.

Hata hivyo, tendo lenyewe tunalitaja kwa kitenzi chetu cha Kibantu, yaani funga. Kitenzi hiki kina kazi nyingi. Tunafunga mbuzi, tunafunga mlango na tunafunga mzigo. Aidha, tunafunga saumu na tunafunga ndoa. Katika mifano hii miwili ya mwisho mtu hujizuia kwa hiari yake, na sarufi inamtaja kwa kauli ya kutenda: Fatuma amefunga. Kumbe kufunga si jambo baya kwa asili yake. Anayejifunga kwa saumu ana uwezo wa kufungua jua likichwa.

Gerezani mambo ni mengine. Hatusemi kwamba mtu amefunga, bali amefungwa. Kauli ya kutendwa inaingia na haitoki. Mfungwa huhesabiwa, hulishwa, hupekuliwa, hulazwa, huamshwa, huhamishwa, na siku yake ikifika hufunguliwa. Mwenye kusema kwamba atakubali miaka kumi kwa ajili ya mali anajiona katika kauli ya kutenda: mimi nimechagua, mimi nitavumilia, mimi nitatoka. Anasahau kwamba uchaguzi wake ni wa siku moja tu. Kuanzia siku ya pili vitenzi vyote vinavyomhusu vina mtenda mwingine. Wahenga wa mitaani wamelisema hili kwa ufupi: mfungwa hachagui gereza.

3.0 Huru na Mwungwana

Sasa tulitazame neno la upande wa pili. Huru limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni mtu asiye mtumwa. Kabla ya neno uhuru kuwa wito wa kisiasa katika karne ya 20, na kabla ya kuandikwa katika nembo ya taifa la Tanzania pamoja na neno umoja, lilikuwa neno la hali ya mtu mmoja mmoja: huyu ni huru, yule ni mtumwa. Pamoja nalo tulikuwa na neno mwungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, tena alikuwa mtu mwenye adabu, mwenye neno la kuaminika. Jina Kingwana, lililotumika kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, limetokana na waungwana hao. Ukichunguza utaona kwamba jamii ya pwani haikutenga uhuru na tabia njema. Hapana shaka mfumo huo ulikuwa na dhuluma kubwa, maana uungwana wa wachache ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Lakini kutokana na dhuluma hiyohiyo watu walijifunza jambo ambalo sisi tunaweza kulisahau: uhuru ukishapewa bei, bei hiyo haiendi kwa mwenye uhuru.

Ushahidi wa kihistoria upo. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba iliweka utaratibu wa fidia. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba kuachiwa huru, na fidia ilipotolewa alilipwa bwana wake. Aliyenyang'anywa maisha hakulipwa. Neno fidia katika Kiarabu lina maana ya kitu kinachotolewa ili mtu aokolewe. Hapa kilitolewa kwa yule aliyekuwa amemshika. Kwa hiyo, tunapouliza uhuru wa mtu una thamani ya shilingi ngapi, tusidhani kwamba tunauliza swali jipya. Katika visiwa vyetu swali hilo liliwahi kujibiwa kwa fedha taslimu, na jibu lake ni aibu.

4.0 Kuwa na Mali

Nije katika sarufi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kumiliki kama zilivyo lugha nyingine. Tunatumia kuwa pamoja na kiunganishi na. Mtu ana mali, maana yake yu pamoja na mali. Alikuwa na nyumba, maana yake alikuwa pamoja na nyumba. Umiliki kwetu umejengwa juu ya ukaribu: kwanza mtu awepo, kisha kitu kiwe naye.

Mtazame sasa yule aliyefanya mapatano. Mali iko benki, au imezikwa, au imeandikwa kwa jina la shemeji. Yeye yuko ndani. Je, ana mali? Kisheria huenda anayo. Lakini ule uhusiano wa kuwa pamoja, ambao ndio kiini cha umiliki katika sarufi yetu, umekatwa. Waliobaki na mali ni wengine, na kila mmoja wetu anajua nini huwapata ndugu wanaobaki na mali isiyoweza kuulizwa mahakamani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya wizi haina daftari.

Huenda mmoja wenu akanipinga hapa, na nitamshukuru. Atasema kwamba tunasema pia ana uhuru, na kwamba tunasema yeye ni tajiri. Kwa hiyo uhuru nao unaweza kuwa kitu cha kuwa nacho, na utajiri unaweza kuwa hali ya mtu. Pingamizi hili ni la kweli. Lakini angalieni matumizi. Tunaposema ana uhuru, mara nyingi tunaendelea: ana uhuru wa kusema, ana uhuru wa kuabudu, ana uhuru wa kwenda atakako. Uhuru hapa ni uwezo wa kutenda jambo, nao huonekana katika kitenzi kinachofuata. Ukimwondolea mtu vitenzi hivyo hubakishi kitu cha kuhesabu. Ama neno tajiri, asili yake katika Kiarabu ni mfanyabiashara: mtu anayesafiri, anayeuza na kununua, anayekutana na watu. Hata huyo tajiri tunayemtamani alipewa jina kutokana na mwendo wake. Tajiri aliyefungwa ni mfanyabiashara asiyeweza kwenda sokoni.

5.0 Ushahidi wa Fasihi

Fasihi yetu imelishughulikia swali hili kwa kina kuliko tunavyodhani. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni kisa cha Fumo Liyongo, ambacho kilisarifiwa katika utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Mnakumbuka kwamba Liyongo alifungwa na mfalme wa Pate. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada. Walinzi walikuwa wakila mikate mizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo akaagiza kwa fumbo apikiwe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa. Walinzi walipouona mkate ule waliudharau, wakampa. Kwa tupa ile alikata minyororo yake huku ngoma ya gungu ikivuma nje. Mazingatio yangu ni haya: katika kisa hiki chakula kizuri ni cha walinzi, na uhuru umefichwa ndani ya chakula kibaya. Aliyejua thamani ya tupa hakuuhuzunikia mkate mzuri.

Kisa hakikomei hapo. Mfalme aliposhindwa kwa nguvu alimtafuta mwana wa Liyongo. Akamwahidi uwaziri na kumwoza binti yake, ili amuue babaye kwa sindano ya shaba. Kijana alikubali. Baba yake alikufa, na yule kijana hakuneemeka na ahadi aliyopewa. Utenzi umetuwekea watu wawili katika nyumba moja: mmoja aliyekula wishwa akatoka, na mwingine aliyekubali cheo na mali akaangamia bila ya kufungwa hata siku moja. Mwana wa Liyongo hakuwahi kuingia gerezani, lakini baada ya tendo lile hakuwa tena mwungwana mbele ya mtu yeyote.

Mfano wa pili ni wa mtu wa zama zetu. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza nchi inakwenda wapi. Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini. Aliwekwa peke yake, akatunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 1974.

Ninamtaja kwa sababu anatuzuia tusirahisishe mambo. Mtu anaweza kusema: ikiwa uhuru hauna bei, basi hakuna jambo lolote linalostahili kufungiwa. Abdilatif anaonyesha kwamba lipo. Alijua hatari ya kuandika, akaandika. Lakini alichokilinda kwa kufungwa ni uhuru huohuo, uhuru wa kuuliza. Hakukibadilisha kwa kitu kilicho chini yake. Tofauti kati yake na mchotaji wa mabilioni haipo katika idadi ya miaka wala katika ugumu wa sakafu. Mmoja alipoingia alikuwa na neno ambalo milango haikuweza kulifungia. Mwingine huingia akiwa na siri ambayo hana budi kuilinda hata akishatoka.

6.0 Soko Lililopo

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba uhuru hauuzwi. Ukweli ni kwamba soko lipo, na halifichiki. Ingieni katika mahakama yoyote ya mwanzo msikilize hukumu ya faini au kifungo. Watu wawili wametenda kosa moja. Mmoja anatoa pochi, anatoka kwa mlango aliouingilia. Mwingine hana, anapandishwa karandinga. Kwa huyu wa pili mali ndiyo uhuru, na kumwambia kwamba uhuru ni bora kuliko mali ni kumkejeli. Swali letu la barazani ni anasa ya watu ambao hawajawahi kukosa faini ya shilingi elfu hamsini.

Mwaka 2019 nchini Tanzania soko hilo lilionekana waziwazi. Rais wa wakati huo alitoa fursa kwa washtakiwa wa makosa ya uhujumu uchumi wakiri, warejeshe fedha na kuachiwa. Katika muda wa siku chache zaidi ya watu 400 walijitokeza, na fedha walizoahidi kurejesha zilizidi shilingi bilioni 100. Wengi wao walikuwa mahabusu, kwa kuwa shtaka la utakatishaji wa fedha haramu halikuwa na dhamana. Kwa hakika hili ni jibu la swali letu lililotolewa na watu walioishi ndani yake. Nje ya gereza tunauliza tungepewa mali kiasi gani ili tukubali kufungwa. Wao walikuwa wakiuliza watoe kiasi gani ili watoke.

Lakini msomi hapaswi kuishia katika furaha ya kuona hoja yake imethibitishwa. Mtu aliyefungiwa bila dhamana, na ambaye hatia yake haijathibitishwa, anaweza kulipa asichokiiba ili akawaone watoto wake. Nelson Mandela, alipoahidiwa kuachiwa kwa masharti mwaka 1985, alijibu kwamba mfungwa hana uwezo wa kuingia katika mapatano. Walio huru tu ndio wanaoweza kupatana. Hoja hiyo inatuhusu kwa pande zote mbili. Aliye ndani hapatani kwa uhuru anaponunua kutoka kwake. Na aliye nje, anapopiga hesabu ya kuingia, anafanya mapatano kwa niaba ya mtu ambaye hatakuwa na uwezo wa kuyavunja.

Hapa yapo maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya katika tahajia: dhamana na thamani. Asili zake ni mbalimbali. Thamani ni bei ya kitu. Dhamana ni ahadi ya mtu kusimama kwa ajili ya mwenziwe. Kitu huwa na thamani. Mtu huwekewa dhamana. Nchi ambayo watu wake hupimwa kwa thamani na kunyimwa dhamana imekosea zaidi ya tahajia.

Aidha, tujihadhari na maneno yanayolainisha wizi kabla ya mwizi hajaiba. Tunasema fulani amekula, kana kwamba mali ya umma ni chakula kilichoandaliwa kwa ajili yake. Cheo chenye mianya tunakiita ulaji. Mwaka 2008 mwanasiasa mmoja, alipoulizwa juu ya fedha zinazozidi dola milioni moja katika akaunti ya nje, aliziita vijisenti, na neno hilo likaingia katika mizaha ya taifa zima. Tazameni kazi ya viambishi hapo: vi- na ji- vimeshirikiana kukidunisha kiasi ambacho mkulima hawezi kukipata katika maisha yake yote. Hata kitenzi takatisha kimetokana na takata, ambacho ndicho kilichotuzalia neno takatifu. Fedha chafu tumeipatia msamiati wa usafi. Nao wanaopiga hesabu za kifungo hujipa moyo kwamba gerezani usiku huhesabiwa siku yake na mchana siku yake. Sheria haisemi hivyo. Mwenye mwenendo mwema huweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, lakini jua la gerezani huchomoza mara moja kwa siku kama la kwetu.

7.0 Hitimisho

Je, utajiri mkubwa unastahili kuupoteza uhuru wako? Nimejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinatupa njia ya kulijibu swali hili bila ya kuhubiriana. Mali ni kitu cha kuwa pamoja nacho, na anayefungwa hutengwa na alichonacho. Uhuru ni hali ya mtu inayojidhihirisha katika vitenzi anavyovitenda, na kifungo huvigeuza vitenzi hivyo kuwa vya kutendwa. Uungwana ni uhuru pamoja na uaminifu, na mwizi hupoteza nusu yake ya pili hata asipokamatwa. Mali ina manufaa makubwa pale inapofungua: inapolipa ada ya mtoto, inapomtibu mgonjwa, inapomtoa maskini kizuizini. Ufunguo nao umetokana na kitenzi fungua. Mali inayomfunga mwenyewe imekwishaacha kazi hiyo.

Kwenu wanafunzi, ninaliacha ombi moja. Siku mtakapowekewa karatasi mezani, na mtu akawanong'oneza kwamba adhabu yake ni ndogo kuliko faida yake, msianze na hesabu. Ulizeni kwanza nani atahesabu: ninyi mlio huru leo, au yule atakayekuwa akihesabiwa asubuhi na jioni. Aidha, muulizeni mwenye mali halisi, yaani mgonjwa aliyekosa dawa na mwanafunzi aliyekosa dawati, kwa kuwa katika mapatano hayo yeye hakualikwa, na bei inatoka kwake.

Kwetu wanaisimu, kazi iliyobaki ni kubwa. Msamiati wa sheria, wa rushwa na wa magereza haujakusanywa ipasavyo, wala haujaelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa wa kawaida. Mtu asiyeelewa maneno ya hukumu yake amefungwa mara mbili. Tukiweza kumfungulia mlango huo wa kwanza, taaluma yetu itakuwa imetenda jambo.